Swali Nililouliza Leo Kibabi

Leo watu wawili karibu wapigane kwa sababu ya swali lililotoka mu kinywa changu.

Munajua ninamutafsiria Muzungu mumoja anayejifunza namna watu wanaishi pamoja.

Asubuhi tulifika Kibabi, kwa Papa Bahati, mukulima. Jirani yake mufugaji, Papa Sebagabo, alikuwa amemuletea maziwa. Walikuwa wanacheka.

Muzungu akafungua daftari.
"Uliza: hapa nani mwenyeji, nani mugeni?"

Nikauliza. Njo kazi yangu, sivyo?

Kicheko kikakatika.

Papa Bahati akasema pole pole, "Mwenyeji njo mimi. Kila muntu anajua."

Papa Sebagabo akaweka kibuyu chini. "Watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Mbona jana hukusema hivyo?"

"Jana hakuna aliyeniuliza."

Wakasimama wote wawili. Mama Bahati, bibi yake Papa Bahati, akaingia katikati yao, lakini macho yake yalikuwa kwangu, si kwa Muzungu.
"Kaka, unaona ulichofanya?"

Muzungu akauliza wamesema nini.

Nikamwambia hawakuelewa swali.

Akaandika hivyo. Tukaondoka.

Rafiki zangu, ninyi mungemujibu Muzungu nini?