Siku Vigoda Vilipochagua Jumbe

Jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alikufa kwa homa wakati wa kuvuna uwele, vita ikiwa imepamba moto, na kabla matanga hayajaisha Mkonze, kijiji chetu, ilikuwa imekwisha kugawanyika pande mbili. Sijaona tena ubishi wa namna ile. Watu walibishana kisimani, zizini, juu ya mapaa wakianika nafaka. Niliwaona wanawake wawili wamesimama njiani na mizigo ya kuni kichwani, wakibishana mpaka jua likawahama, na hakuna aliyekumbuka kutua mzigo.

Sababu ilikuwa wazi. Wajerumani walikuwa wakipigana na Waingereza, na sisi vita hiyo tuliijua kwa mambo mawili tu: walichukua nafaka, na walichukua wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Boma la Dodoma lilitaja idadi, lakini majina aliyataja jumbe. Kwa hiyo atakayekuwa jumbe ndiye atakayesema nani aende na nani abaki. Siku zote jumbe alitajwa na boma. Mara hii bwana mkubwa, Mjerumani wa boma, alikuwa na shughuli nyingi, akamwambia akida wake, msimamizi wa majumbe, awaache watu wachague wenyewe, mradi achaguliwe mtu haraka, na mtu huyo atoe wapagazi watatu siku hiyo hiyo.

Watatu. Neno hilo lilifika nyumbani kwetu kabla ya akida mwenyewe.

Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa tangu mvua za kwanza. Ndani ya tembe letu, nyumba ya paa bapa la udongo, tulibaki baba mkwe, ambaye goti lake lilikuwa halikunjiki, mama mkwe, mimi na watoto wangu wawili, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa hajaoa bado. Shemeji ndiye aliyelima, ndiye aliyechunga, ndiye aliyeshuka ndani ya kisima cha mchanga kukichimba maji yalipozama. Akiondoka yeye, nyumba ile ingebaki na wanawake, watoto na goti moja zima. Nilipokuwa nikitwanga nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: shemeji asiwe mmoja wa wale watatu.

Waliotaka ujumbe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mfugaji tajiri, mtu wa ukoo wa baba mkwe, mwenye sauti kubwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba wengine aliwaweka kwenye mazizi ya watu, kama ilivyo desturi yetu: wewe unamtunzia, unakunywa maziwa, na ndama ni wake. Sita walikuwa zizini kwetu. Huyu aliapa kwamba hatatoa mtu hata mmoja. Wa pili alikuwa mnyapara aliyesimamia vibarua reli ilipojengwa kupita Dodoma. Alijua Kiswahili cha kusemezana na wakubwa, na hakuapa lolote kubwa. Alisema tu kwamba boma halikataliwi, ila yeye atatoa watu kwa zamu: nyumba iliyokwisha kutoa mtu haitatoa wa pili mpaka nyumba zote zimetoa.

Mimi nilikuwa wa mnyapara tangu siku ya kwanza. Kisimani nilikutana na jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa mwaka mmoja, ambaye mumewe alikuwa nyumbani, mzima, hajaguswa.

"Mnyapara wenu huyo ana ng'ombe wangapi?" akaniuliza huku akiteka maji. "Wawili! Na mmoja ana pembe moja."

"Tunachagua jumbe au tunachagua fahali?"

"Tunachagua mtu. Yule amelala kwenye mahema ya reli mpaka amesahau ng'ombe anakamuliwa upande gani."

"Na wako ana sauti. Askari akija na bunduki, ataimba?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakacheka, wengine wakashika upande wake, wengine wangu. Kibuyu cha mtu kikapinduka. Tuliachana tukiwa tumenuna, na njia nzima nilikuwa nikitunga majibu mengine.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Baba mkwe alikuwa ameamua.

"Watoto wako wanakunywa maziwa ya nani?" aliniuliza.

"Ya mfugaji, baba."

"Basi."

"Lakini ng'ombe hao anawachunga nani, baba? Shemeji akichukuliwa, nani atawapeleka kwenye maji?"

"Hatachukuliwa. Mwenzangu ameapa."

"Na askari wakija?"

"Tutakimbilia milimani."

"Na goti lako hilo?" akasema mama mkwe akiwa jikoni, hata kichwa hakuinua. Shemeji akatoka nje haraka. Tulimsikia akicheka zizini.

Akida alikuja asubuhi, juu ya punda mweupe, kanzu yake safi, askari wawili nyuma yake wakitembea kwa miguu. Alikuwa mtu wa pwani. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa namna iliyowafanya watoto wamwigize papo hapo, na sisi tukaitikia kwa kelele. Uwanja wa mbele ya tembe la marehemu jumbe ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamejipaka mafuta, wanawake tumevaa shanga zetu zote, na kila upande ulikuwa ukiutania mwingine. Ilikuwa kama ngoma inayosubiri tu mpigaji.

Akida akawasimamisha wale wawili mbali mbali, mfugaji kwenye uzio wa miiba, mnyapara kwenye kichuguu. Kisha akasema, "Haya! Kila mwanamume asimame nyuma ya mtu anayemtaka. Pangeni mistari miwili, iliyonyooka, askari wawahesabu."

Askari wawili wakasogea mbele ili wahesabu.

Sijui nani alianza. Niliona tu mgongo mmoja, halafu migongo yote. Wanaume waliruka uzio, walipanda mapaa, walikimbilia vichakani, wazee wameshika nguo zao mkononi. Baba mkwe, na goti lake, alinipita. Vumbi lilipotua, uwanja ulikuwa na wanawake, watoto, punda, na mnyapara aliyesimama peke yake kwenye kichuguu. Mfugaji naye alikuwa amekimbia. Alikuwa akichungulia kutoka nyuma ya zizi.

"Wamekwenda wapi?" akida akauliza. Alikuwa haelewi kabisa.

"Umewaambia wapange mstari, bwana akida," mnyapara akasema.

"Ndiyo! Ili tuhesabu!"

"Mara ya mwisho walipanga mstari hapa hapa, wakahesabiwa na askari. Mstari huo ulikwenda vitani, bwana, na haujarudi."

Akida aliapa kwa Mungu kwamba mstari huu ni wa kuchagua tu. Askari wakaambiwa waweke bunduki chini. Hakuna aliyeshuka paani. Jua lilipanda, akida akavua kofia, akajifuta jasho, akaanza kutishia kwamba atamtaja jumbe yeye mwenyewe na atamtoa Kizota, kijiji cha jirani. Hapo kelele ziliongezeka, maana hakuna upande uliotaka mtu wa Kizota.

Ni mama mkwe aliyepata njia. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Kama mtu akisimama anageuka mpagazi, basi tusimamishe kitu kisichoweza kubeba. Kila mwanamume alete kigoda chake! Kigoda kiwekwe upande anaoutaka mwenyewe. Vihesabuni mpaka mchoke!"

Kicheko kilitoka juu ya mapaa yote kwa pamoja. Lakini wanaume walianza kushuka. Kwetu kila mwanamume alikuwa na kigoda chake, kakichonga mwenyewe au kachongewa na baba yake, chenye miguu mitatu, na watu wote walikijua kama wanavyojua sura yake. Hakuna ambaye angeweza kudanganya. Akida aliangalia jua, akasema, "Haya, vigoda! Lakini upesi."

Mfugaji alikuwa amerudi, akijikung'uta vumbi. "Vigoda vya waliopo," akasema kwa ile sauti yake. "Kigoda cha mtu asiyekuwepo ni mti tu."

Nikasogea mbele. Nyumba zilizokwisha kutoa watu ndizo zilizomtaka mnyapara, na vigoda vyetu vilikuwa vya wasiokuwepo.

"Mti?" nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Mume wangu ni mti?"

"Mkwe wangu, sikusema mume wako..."

"Umesema! Wote wamesikia!" Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kunizunguka, kila mmoja akisema jina la mtu wake. Mfugaji alirudi nyuma mpaka kwenye miiba.

Akida alinyanyua fimbo. Alifikiri kidogo, na nilimwona akiwaangalia askari wake. "Wale wanabeba mizigo ya serikali," akasema. "Nikisema hawahesabiwi, nimesema wamekufa. Sitasema hivyo. Mke alete."

Vigelegele tulivyopiga vilimfanya punda aruke.

Nilikimbia nyumbani. Kigoda cha mume wangu mama mkwe alikuwa amekigeuzia ukutani tangu siku aliyoondoka, asikikalie mtu. Nilikuta baba mkwe ameshika chake mlangoni.

"Kiti cha mwanangu hicho," akasema.

"Cha mume wangu pia, baba."

Tuliangaliana. Alijua ninakipeleka wapi, na nilijua anawaza ng'ombe sita. Akavuta pumzi, akasogea. Tukatembea pamoja, yeye mbele, shemeji nyuma yetu na chake.

"Usikiweke karibu na changu," baba mkwe akasema bila kugeuka.

"Siwezi, baba. Hatuelekei mahali pamoja."

Shemeji akakohoa kuficha kicheko. Yeye alikwenda kichuguuni pamoja nami, na baba mkwe akajifanya hakuona.

Uwanja ulikuwa umechangamka kuliko harusi. Kila kigoda kilipowekwa, upande mmoja ulishangilia na mwingine ukazomea. "Hicho kimeliwa na mchwa, kihesabuni nusu!" "Mwenye hicho hajui hata kukikalia, huanguka kwa vibuyu viwili tu vya pombe!" Mtu mmoja wa mfugaji akaleta viwili. Mkewe mwenyewe akapiga kelele, "Hicho cha pili ni changu cha jikoni! Nimepika mlenda leo asubuhi nimekikalia!" Kikarudishwa huku kikipigwa teke. Akida naye, aliyekuja amenuna, alikuwa sasa akihesabu kwa sauti ya kuimba, na watu wakiitikia kila namba.

Mfugaji alipata thelathini na moja. Mnyapara akafika thelathini na moja, akapita, na wanawake waliokuwa wakiendelea kuleta vigoda vya waume zao wakamfikisha thelathini na nane. Nilimkumbatia mwanamke ambaye sikuwa nikisalimiana naye.

"Kimya!" akida akasema. "Jumbe, wapagazi watatu. Sasa hivi."

Kelele zikakatika. Nilimtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa kando ya kichuguu, mikono kifuani, akijaribu kuonekana hajali.

Mnyapara alikuwa amejikunja kidogo, kama mtu aliyebebeshwa kitu. "Wa kwanza ni mdogo wangu," akasema. "Nyumba yetu haijatoa mtu." Mdogo wake akatoka mbele. Wa pili alikuwa mtoto mkubwa wa mfugaji, kwa kuwa nyumba ile yenye wanaume watano ilikuwa haijatoa hata mmoja. Mfugaji akawaangalia watu wote ambao vigoda vyao vilikuwa mbele yake, akamwacha aende. Baadaye baba mkwe alimwendea na kumuuliza kama atawachukua ng'ombe wake sita. "Wabaki kwanza," mfugaji akamjibu, bila sauti yake. "Aliyekuwa wa kuwafuata ndiye huyo anayeondoka."

Wa tatu alikuwa mume wa jirani yangu.

Nilikuwa nimekwisha kuinua kichwa ili nipige kigelegele, maana watatu walikuwa wametimia na shemeji hakuwemo. Nikafunga mdomo. Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa uwanja, ananitazama mimi, siyo mnyapara, siyo akida. Mumewe alikuwa akimkabidhi jembe na kisu, akimweleza jambo fulani kuhusu mbuzi, na yeye alikuwa hamsikilizi.

Walipoondoka na askari kuelekea stesheni, wengi wetu tuliwasindikiza mpaka njia inapoingia kwenye migunga. Waliokuwa wakizomeana asubuhi walitembea pamoja. Ushindi wetu ulikuwa bado unachemka, vijana walikuwa wanaimba nyuma, na mimi mwenyewe nilikuwa na furaha iliyokuwa inatafuta pa kukaa. Jirani yangu alikuja akatembea sambamba nami.

"Umeshinda," akasema.

"Zamu yenu ilikuwa haijafika. Sasa imefika."

"Uwele wangu nusu bado uko shambani."

"Najua."

"Ndege wanaula."

"Najua, mwenzangu."

Akasimama. "Basi nipe huyo shemeji yako. Kwa sababu yake mume wangu ameondoka. Aje anivunie."

Shemeji alikuwa nyuma yetu hatua chache, na alisikia. Nilipogeuka alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa.

"Kesho," nikamwambia jirani. "Kesho asubuhi, ataanza kwako kabla ya kwetu."

Shemeji alifika kwake kabla jua halijatoka, kisha kwa mama wa yule mpagazi wa kwanza, kisha kwetu. Mpaka uwele ulipokwisha kupurwa, shemeji alikuwa akitumwa na nyumba tatu, na wanawake wa nyumba hizo walimwamrisha kwa namna ambayo mtu angedhani siku ile walikuwa wamemchagua yeye.