Kiu Yangu Ilivyokaribia Kumkosesha Kibet Mke

Nitawaambia ukweli ingawa ni aibu tupu, na mkitaka kucheka chekeni, maana hapa Merigi nikisimama ghafla kanisani hata mhubiri hutabasamu.

Kibet, mtoto wa ndugu yangu, alikuwa amempenda msichana wa Roret anayeitwa Mercy, na siku ya koito, yaani ya kukubaliana mahari, nikachaguliwa kuwa msemaji wetu (mdomo ninao, hilo sikatai). Sasa, kwa miezi kadhaa nilikuwa na kiu isiyoisha, naamka usiku mara nne kwenda chooni, nachoka kabla kikapu cha majani chai hakijafika nusu, na macho yanaona ukungu hata siku ya jua, lakini kila kitu nilikuwa nimekipatia sababu: kiu ni jua, uchovu ni kazi, macho ni umri. Asubuhi hiyo mke wangu, Mama Faith, akaniomba tupite kwanza dispensari nipimwe sukari.

"Sukari ni ya watu wanene," nikamjibu, kisha nikanunua soda ya lita mbili nikaimaliza njiani.

Tulipoketi tu kwa wakwe, soda ikataka kutoka. Na msemaji akitoka nje bila neno katikati ya mazungumzo, watu huelewa jambo moja tu, kwamba amekasirika. Niliporudi nikakuta wamepunguza ng'ombe mmoja. Nikashangaa, nikaketi, nikakunywa maji (kiu, jamani!), nikatoka tena, wakapunguza wa pili. Ndugu yangu akaninong'oneza kwa furaha, "Toka tena!"

Nikatoka, si kwa kumtii. Safari hii niliporudi, babu yake Mercy alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Hawa watu wanatuchezea! Wachukue kijana yao waende."

Mercy alikuwa mlangoni analia na Kibet amekuwa mweupe kama maziwa, nami nikaona kwamba nisipofungua mdomo huyu mtoto atakosa mke kwa sababu ya kibofu changu. Nikasema mbele ya wakwe wote, wanawake wakiwemo, "Wazee, sina hasira. Ni mkojo."

Natamani mngekuwepo, au afadhali hamkuwepo.

Mama yake Mercy, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji (wale hupita nyumba kwa nyumba na mfuko wa vipimo), hakucheka.

"Baba, na kiu unasikia? Usiku unaamka? Hiyo macho inaona vizuri?"

Nikajibu ndiyo, ndiyo, hapana. Akafungua mfuko, akanidunga kidole hapo hapo mezani, akatazama kile kimashine, akatingisha kichwa. "Sukari yako iko juu sana. Kesho asubuhi uende hospitali, usiambiwe mara mbili."

Babu akaketi polepole. "Kumbe hukukasirika?"

"Hapana, mzee."

"Basi ile ng'ombe mbili irudi."

Kibet akakubali kabla sijapumua. Mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, ikaletwa, tukapiga makofi, na mimi nikaletewa maji.

Hospitali walisema ni kisukari cha aina ya pili, na ni vizuri kimegunduliwa kabla hakijaniharibia macho wala figo. Sasa nameza dawa, natembea, soda naiangalia tu dukani. Mwili wangu ukisema kitu sitaubishia tena, maana Mama Faith hachoki kunikumbusha kwamba kidole hiki kingedungwa mbele ya daktari mmoja, si mbele ya wakwe ishirini.