Kilichokuwamo Ndani ya Uji

Watu wa Mambrui wakitaka kumsifu mpishi husema ana mkono. Bi Shekha walimsifu kwa ulimi. Akidondosha mchuzi kiganjani na kuulamba, angekwambia bizari imeungua kidogo au tui si la nazi ya leo, na ukichunguza ukakuta ni kweli. Tangu afiwe na mumewe, kazi yake ilikuwa kupika kwenye harusi, kuanzia Ngomeni mpaka Malindi mjini, pamoja na msaidizi wake Kahaso, mwanamke wa Kigiriama kutoka Sabaki. Nyumbani aliishi na mwanawe wa pekee, Zaid, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na mke wa Zaid, Mahira. Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja. Mengi ya haya nimeyasikia kwake mwenyewe na mengine kwa mkwewe, na wenyewe hawakubaliani kwa kila jambo.

Siku moja, kwenye harusi ya watu wa Malindi, Bi Shekha alikuwa akipanga makaa juu ya mfuniko wa biriani, damu ikamtoka puani. Kabla hajaipangusa miguu ikamlegea, na Kahaso akamdaka asiangukie moto. Alipozinduka alijikuta kwenye kitanda cha zahanati, Zaid na Mahira wamesimama mlangoni wakinong'onezana na daktari. Walipoona amefumbua macho walinyamaza. Akauliza ana nini. Zaid akasema ni joto la moto na kukosa kula tangu asubuhi, basi. Kahaso alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, akitazama vidole vyake vya miguu.

Bi Shekha alikuwa amefunga Ramadhani nyingi mbele ya moto na njaa haikuwahi kumwangusha. Maelezo yale hayakumwingia akilini.

Kesho yake Mahira alimletea uji kitandani, uji wa wimbi uliotiwa ukwaju na sukari. Hilo peke yake lilimshangaza, kwa sababu tangu Mahira aolewe, Bi Shekha ndiye aliyekuwa akitangulia kuamka na kujichemshia chai yake. Akapiga funda la kwanza. Chini ya ukali wa ukwaju palikuwa na kitu. Haukuwa uchungu wa unga uliokaa wala wa sufuria iliyoshika chini. Ulikuwa uchungu mkavu, kama chokaa, uliobaki nyuma ya ulimi baada ya uji kushuka. Akainua macho. Mahira hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akilitazama bakuli.

"Maliza, mama, upate nguvu," akasema.

Siku ile alimaliza. Siku ya pili uchungu ulikuwa palepale, na ya tatu vilevile. Kisha akaanza kuona mengine. Mchuzi wa nyumbani ukawa hauna chumvi, ilhali Mahira alifundishwa kupika na yeye mwenyewe na hajawahi kukosea chumvi. Gudulia la achari ya ndimu likatoweka kabatini. Papa mkavu aliyekuwa ananing'inia jikoni naye akatoweka. Alipouliza, Mahira alisema paka amemchukua. Paka wa nyumba ile alikuwa mzee, hata kupanda kizingiti ilikuwa kazi.

Halafu wakaja watu wa Gongoni waliokuwa na harusi yao. Bi Shekha alikuwa chumbani, dirisha li wazi, akamsikia Mahira akiwapokea barazani na kuwaambia kwamba mama anapumzika siku hizi, ila wasiwe na wasiwasi, yeye mwenyewe atakuja kupika pamoja na Kahaso. Bi Shekha akakaa kitako juu ya kitanda. Sasa aliona mambo yameungana. Mkwe anautaka mwiko, na kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo uji hakuunywa tena. Alikuwa akisubiri Mahira atoke, anaumwaga chooni, kisha anarudisha bakuli tupu na kusema ahsante. Mchana alisema ameshiba. Akawa anakula tende alizonunua mwenyewe na mkate wa mofa wa dukani, na maji aliyachota mwenyewe kutoka mtungini, tena baada ya kuona wengine wameyanywa. Usingizi ulimpaa. Akisikia Zaid na mkewe wakizungumza chumbani alikuwa akisimama ukutani kutega sikio, na wakicheka alijua wanamcheka yeye.

Na mwili ukaanza kumthibitishia. Kisogo kilimuuma tangu asubuhi, masikio yakavuma, moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa. Akipanda ngazi mbili za baraza yetu ilibidi ashike ukuta. Sisi majirani tulimwona anakonda, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba yuko salama, huku akimtazama aliyeuliza kana kwamba ametumwa. Yeye moyoni alikuwa na hesabu yake: sumu ilikwisha kuingia zile siku za mwanzo, na sasa inafanya kazi.

Alikwenda kwa maalim ili amsomee. Maalim alimsomea, kisha akamwambia dua zina nafasi yake na hospitali ina nafasi yake, aende akapimwe. Bi Shekha alirudi akiwa na hakika kwamba Zaid, anayesali kwenye msikiti uleule, amekwisha kumtangulia.

Alibaki na mtu mmoja tu. Akapanda tuktuk mpaka Sabaki, akamkuta Kahaso shambani akipalilia bamia, na bila hata kukaa akamuuliza siku ile kule zahanati walizungumza nini. Kahaso aliliweka jembe chini. Alitaka kujua kwanza kama amekula. Bi Shekha akarudia swali lake.

"Usiniulize, Bi Shekha," Kahaso akasema. "Niliapishwa."

Alisema hivyo kwa huruma, na kama Bi Shekha angemtazama vizuri angeiona huruma ile. Lakini Bi Shekha alilisikia neno moja tu. Watu hawaapishani kwa jambo la heri, alijiambia.

Asubuhi iliyofuata hakungoja kuletewa. Aliingia jikoni bila viatu. Mahira alikuwa amempa mgongo, ameinamia kinu kidogo cha kupondea iliki.

"Waponda nini?"

Mahira alishtuka mpaka mchi ukamponyoka. "Iliki, mama."

"Iliki nyeupe?"

Bi Shekha akausogeza mkono wa Mahira, akaona ndani ya kinu unga mweupe, na kando ya kinu pakiti ya vidonge. Bakuli la uji lilikuwa tayari, limekwisha kutiwa. Akalichukua, akamnyooshea.

"Kunywa wewe."

Mahira alilipokea kwa mikono miwili. Akalifikisha karibu na midomo, akasita, akalirudisha mezani, na mkono wake mmoja ukashuka tumboni. "Siwezi, mama," akasema. "Nisamehe, siwezi."

Bi Shekha hakuhitaji kusikia zaidi. Aliifunga pakiti kwenye ncha ya leso, akavaa buibui, akatoka. Mahira alimfuata mpaka mlangoni akimwita, naye hakugeuka. Hakwenda kwenye zahanati ile ya kwanza. Alikwenda Malindi mjini, akauliza hospitali ambamo hakuna mtu wa kwao anayefanya kazi, akakaa kwenye foleni akiwa amejitanda uso.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Wanjira, msichana wa bara. Akamwamkia shikamoo, na Bi Shekha akamwitikia kwa shida. Kisha akafungua ncha ya leso, akaiweka pakiti mezani, akamwambia anataka kujua kitu kimoja tu: sumu hii humaliza mtu kwa muda gani.

Wanjira hakucheka. Aliisoma pakiti, akamtazama mgonjwa, akamfunga kitambaa cha kupimia mkononi. Akapima, akapima tena mkono wa pili.

"Mama, hii si sumu," akasema. "Ni dawa ya presha. Na presha unayo, iko juu sana."

Hapo ndipo mtu anapaswa kumjua Msellem. Msellem alikuwa kaka yake Bi Shekha, mtu wa kelele na mizaha. Siku daktari alipomwambia ana presha, alirudi nyumbani akalala akauelekea ukuta, akasema siku zake zimekwisha. Hakula, hakutoka kwenda msikitini, hakutaka wageni, na haukupita muda wakamzika. Katika ukoo ule ilikubaliwa kwamba alikufa kwa kuambiwa. Siku ya hitima yake, mbele ya watu wote, Bi Shekha alisema yeye akipata maradhi yale asiambiwe kamwe, na wakimwambia basi wamchimbie kaburi kabisa.

Sasa alikuwa ameambiwa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, akangoja. Alinisimulia kwamba kweli alikuwa akingojea mauti. Alitoa shahada kimoyomoyo. Watu walipita na watoto wao, mtu mmoja akagombana na mlinzi wa mlangoni, jua likahamia upande wa pili wa ukumbi. Hakufa. Kilichomjia mwisho kilikuwa njaa, na aliona haya kuisikia njaa kwa wakati kama ule.

Wanjira alipomletea kidonge na maji, alikishika kidonge akakitazama pande zote, akamsimulia habari za Msellem. Muuguzi alimuuliza kama kaka yake alikunywa dawa alizopewa.

"Zilikutwa chini ya godoro," Bi Shekha akasema polepole. "Siku ya kumuosha. Zote."

"Basi si neno peke yake lililomuua, mama."

Bi Shekha alisema siku zote walizitaja dawa zile kama jambo dogo la kuhuzunisha, na hakuna aliyewahi kuliweka pamoja na kifo. Wanjira alimweleza pia kwamba majuma yale ya kutolala, kutokula na kukaa roho mkononi yalikuwa yakimwongezea alichonacho, huku dawa inaishia chooni. Alimeza kidonge. Alikionja kwanza kwa ncha ya ulimi, na ulikuwa uchungu ule ule, mkavu, wa chokaa.

Aliporudi nyumbani, Zaid alikuwa amekwisha kuitwa kutoka kazini. Alimkuta mama yake barazani, bado amevaa buibui, Mahira amekaa mbali naye macho yamevimba. Mimi nilikuwa kwangu na ukuta ni mmoja, sikuhitaji kutega sikio.

"Mlinitia kitu katika chakula changu," alimwambia mwanawe.

"Ni wewe uliyetuambia tusikwambie, mama. Mbele ya watu. Tuliogopa utalala kama ami Msellem."

"Msellem alikuwa mjomba wako, si ami yako. Hata hilo umelisahau kwa hofu." Akamgeukia na Mahira. "Na ningekufa nikiamini mmeniua? Hilo mlilifikiria?"

Ni Mahira aliyejibu kwamba yeye aliukataa uji kwa sababu ana mimba changa, nao walikuwa bado hawajaitangaza, na aliogopa dawa isimdhuru mtoto. Chumvi ni yeye aliyeipunguza, achari aliigawa, papa alimpa Kahaso. Daktari alisema mama asikae kwenye moto mpaka presha ishuke, ndiyo maana akawaambia watu wa Gongoni vile. Aliyasema yote kwa mfululizo kama mtu anayetapika. Bi Shekha alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Ningependa kusema walipatana siku ile, lakini sivyo. Dawa alianza kuzimeza mwenyewe kila asubuhi, hadharani, kwa glasi ya maji aliyoijaza mwenyewe, na uji wa mkono wa Mahira hakuugusa kwa miezi. Kila mwezi alikwenda kwa Wanjira, akitaka aambiwe namba zote mbili za presha na akitaka kujua zile za mwezi uliopita. Zilikuwa zikishuka. Usingizi ulimrudia, akaanza tena kutembea jioni mpaka kwa watengenezaji wa makuti na kurudi bila kushika ukuta. Chumvi alijipunguzia mwenyewe, akilalamika kila mlo. Kwenye harusi alikaa kwenye kiti mbali na moto, Kahaso akimletea mchuzi kwenye kijiko, naye akilamba na kuamuru. Wa kwanza kusamehewa alikuwa Kahaso, maana kosa lake lilikuwa kutunza kiapo. Bi Shekha alimwambia tu kwamba siku nyingine akiapishwa kumficha jambo, amwapie na yeye kwamba atamwambia.

Lakini tabia ya kuchungulia ilibaki. Bado alifunua vifuniko vya sufuria. Watu wakinyamaza akiingia, aliuliza walikuwa wakisema nini, na hakuondoka mpaka aambiwe. Zaid alichoka, akajifunza kumwambia kila kitu mapema: gari limeharibika, amegombana na msimamizi kazini, ana mafua.

Mahira alipojifungua, Zaid alipiga simu kutoka hospitali, akasema mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillahi. Bi Shekha alimuuliza mbona sauti yake iko hivyo. Zaid akasema ni usingizi. Bi Shekha akakata simu, akaniomba nimsindikize, na tuktuk ikatufikisha kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Alimwomba mlinzi mpaka akatupisha.

Mahira alikuwa amelala, rangi imempotea, mrija wa maji mkononi. Mtoto alikuwa kwenye kitanda kidogo kando yake. Bi Shekha alimtazama mtoto, akasema mashaallah, kisha akavuta kiti upande wa mkwewe.

"Zaid asema wote wazima," akamwambia. "Mimi nataka uniambie wewe."

Mahira akamwambia alitokwa damu nyingi, kwamba wauguzi walikimbia huku na huku, na kwamba alidhani anakufa, na bado anaogopa kulala. Bi Shekha alimshika mkono ule usio na mrija. Hakumwambia asiogope. Alimuuliza damu imekoma saa ngapi, daktari amesema nini, amepewa dawa gani, na Mahira akamjibu moja baada ya moja mpaka macho yakaanza kufumba.