Nafasi ya Vidole

Fundi magitaa haamini rula, huamini jicho lake. Akikata vijifereji kwenye kipande cha mfupa kinachotenganisha nyuzi kule shingoni mwa gitaa, ulimi humtoka kidogo, akinung'unika: "Nene zinakula nafasi, nyembamba nazo zisionewe." Mkewe humcheka, eti hata chumvi angeipiga tupa. Tangu viungo vya vidole vyake vivimbe, mama huyu alikuwa amelipa kisogo gitaa lake. Leo fundi amemwekea gitaa hilo mapajani. Mama anapiga, na kidole hakiugusi tena uzi jirani. Anachungulia vijifereji: vimeachana zaidi kuliko zamani.

"Umevipanua kwa ajili ya vidole vyangu?"

"Vidole vyako vina nini?" anauliza fundi, akipuliza unga wa mfupa. "Gitaa ndilo lilikuwa na kasoro."