Njia za Jiji Ambalo Baudouin Hajalikanyaga

Ujanani Baudouin alisimamia stesheni ndogo kwenye reli ya Kongo itokayo Kalemie kwenda Kabalo. Kazi yake ilikuwa kujua treni ipi iko wapi, hata zile asizoziona. Vita vikaja, treni zikaadimika mpaka zikawa za kusikika kwa fununu tu, naye akaondoka na mkewe Julienne. Mwaka 2011 walifika Durban, wakapata chumba ghorofa ya saba huko Albert Park. Julienne akaingia saluni kusuka nywele. Baudouin akapata kazi ya kulinda geti la jengo moja la Umbilo. Asubuhi alikwenda kwa miguu, jioni akarudi kwa miguu. Ukiacha njia hiyo na zile za kanisani na maktabani, hakutaka kujua zaidi. Alijiambia kwamba Durban ni mahali pa kubadilishia treni tu, na msafiri mwenye akili hafungui mizigo hapo.

Walikuwa wameandikishwa katika mpango wa kuwapeleka wakimbizi Amerika. Walihojiwa, wakapimwa vifua, wakahojiwa tena, wakaambiwa wangoje. Jiji lao lilijulikana: Chicago, maana Grâce, binti wa dada yake Baudouin, alikuwa ametangulia huko na mumewe.

Mwingine angengoja akiwa ameketi. Baudouin kuketi kulimshinda. Kila siku ya mapumziko alikwenda maktaba ya manispaa na kamusi yake ya Kiingereza kwa Kifaransa, akasoma chochote kilichoandikwa juu ya jiji hilo. Alisoma jinsi lilivyoteketea mwaka 1871 likajengwa upya. Alisoma jinsi walivyougeuza mto utiririke kinyume, ili uchafu usiingie katika ziwa wanamochota maji ya kunywa. Akasoma habari za watu Weusi waliotoka mashamba ya kusini, maelfu kwa maelfu, wakishuka kwenye treni na masanduku yao, halafu wakakuta wanaruhusiwa kupanga katika mitaa michache tu. Hiyo alimsimulia Julienne mara mbili.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni ramani ya treni. Aliichapisha kwenye duka la intaneti akaibandika ndani ya kibanda cha geti: njia nyekundu, ya kahawia, ya buluu, na reli inayozunguka katikati ya jiji juu ya vichwa vya watu. Aliisoma kama fundi anavyosikiliza injini. Nyumbani walilala kwenye godoro lililowekwa sakafuni, na kila Julienne alipotaja kitanda alijibiwa kwamba kitanda hakipandi ndege.

Jioni moja, Baudouin akimkabidhi mwenzake zamu, simu ililia. Alikuwa Grâce, wiki yake ya pili Chicago. Alikuwa anarudi kutoka darasa la Kiingereza, akapanda treni nyekundu inayokwenda upande usio wake.

"Mjomba, niko fasi siijui. Iko baridi, na mimi nashindwa kuuliza."

"Soma jina la kituo. Polepole."

Akasoma herufi moja moja: Cermak. Baudouin hakuigeukia hata ramani. Alimwambia asitoke nje ya kituo, avuke tu upande wa pili wa jukwaa lile lile, apande treni iliyoandikwa Howard, akae dirishani, ashuke Morse. Kisha akabaki kando ya geti, simu mkononi, akitembea hatua tano mbele, hatua tano nyuma, karibu saa nzima. Grâce alipopiga tena alikuwa mlangoni kwake.

Habari hiyo ikaenea. Grâce akawapa namba yake wanawake wa kanisa lake, hao wakawapa wageni wengine, na kwa miaka Baudouin akawa anawaongoza watu kwa simu: ofisi ya kitambulisho, shule, mtaa wa Devon wenye maduka ya Wahindi yanayouza unga na viungo. Baadhi yao hawakujua hata jina lake. Walimwita Mzee wa Njia.

Mwishoni mwa 2024 tarehe ya safari ilitoka: Februari. Julienne alianza kugawa vyungu. Mwezi wa kwanza, simu ikaja kutoka ofisi iliyokuwa ikishughulikia faili lao. Mpango wote umesimamishwa na serikali ya Amerika, safari ya Februari haipo, na hakuna anayejua mpaka lini. Baudouin aliuliza kama ni kuahirishwa au ni kufutwa. Yule mama wa ofisini alirudia neno lile lile, umesimamishwa, kwa upole.

Siku hiyo hakupanda ghorofani. Alitembea mpaka bandarini, akarudi, akaenda tena. Kesho yake aliibandua ramani, na simu za Amerika akawa haziitikii. Lakini kulala hakulala vizuri. Usingizini miguu yake ilikwenda kama ya mtu aliyechelewa, na mara mbili Julienne alimkuta asubuhi amesimama dirishani kavaa viatu.

Wiki ya nne alipokea simu moja, labda kwa kuchoka. Aliyepiga ni Hardy, kijana wa Uvira aliyefika Chicago miezi michache kabla ya mlango kufungwa. Mkewe aliposhikwa na uchungu, Baudouin ndiye aliyemwongoza: nyekundu mpaka Jackson, mpite chini kwa chini, mpande ya buluu mpaka kituo cha mahospitali. Sasa mtoto alikuwa amefikisha siku arobaini.

"Mzee, Jumapili tunataka kukuletea mtoto umuone. Wewe uko upande wa kituo gani?"

Baudouin aliutazama ukuta wa kibanda, pale ilipokuwa ramani. Hakuwahi kudanganya, ila hakuna aliyewahi kumuuliza aliko.

"Mimi niko Durban, baba."

"Durban? Ile ya Afrika Kusini?"

"Hiyo hiyo. Huko kwenu sijafika. Nilisoma tu."

Hardy akauliza, kwa sauti ya chini, na yeye anafika lini. Kwa miaka kumi swali hilo Baudouin alikuwa akilijibu kwa neno karibu. Safari hii alisema, "Sijui." Na baada ya kulisema akajikuta ameketi juu ya ndoo ya usafi, analia, huku Hardy akimwita "Mzee, Mzee".

Alimsimulia Julienne yote. Julienne alimsikiliza mpaka mwisho, hakumpa pole wala hakumlaumu. Jumatano yake vijana wawili walipandisha kwa ngazi kitanda cha mbao alichoagiza Julienne, kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Baudouin aliwasaidia kukishika kwenye kona.

Jumamosi iliyofuata Julienne alikuwa na bi harusi wa kusuka huko Queensburgh, akamwomba mumewe ambebee begi. Baudouin alikiri hajui Queensburgh iko wapi. Julienne akatangulia. Alijua teksi za huko, yaani vibasi vya abiria, zinapopangwa, alijua upande wa kukaa, akamwambia dereva kwa Kizulu awashushe wapi, na dereva akacheka na kumjibu kama mtu wanayejuana. Baudouin alimtazama mkewe. Miaka kumi na minne Julienne alikuwa akijifunza jiji lote hili, naye mumewe hakuona.

Huko nyumba ilijaa wanawake na vicheko, na yeye kukaa hakuweza. Akatoka kupanda mlima wa mtaa ule, akisoma majina ya barabara. Katikati ya mlima alimkuta mama mmoja anafagia mbele ya geti lake, akamuuliza teksi za kurudi mjini husimama wapi. Mama alimwonyesha kwa mpini wa ufagio. Baudouin akashukuru kwa Kizulu, akakosea. Mama akamsahihisha. Baudouin akalirudia neno mara mbili mpaka likakaa sawa, kisha akaendelea kupanda, kwani Julienne alikuwa bado na vichwa viwili vya kusuka.