Pengo Katika Safu ya Pili

Maonyesho ya vita yana adabu zake. Mgeni hutakiwa alie kidogo tu, afute pua, kisha abaki na nguvu za kuifikia meza ya juisi na sambusa. Aloyo alizijua adabu hizo vizuri, maana kazi yake katika jumba moja la makumbusho pale Kamwokya ilikuwa kupanga majonzi: picha ipi itundikwe wapi, taa immulike nani, kiatu cha marehemu kikae juu ya meza au ndani ya kioo. "Mimi mwizi wa makaburi mwenye mshahara," alikuwa akisema, na aliyecheka zaidi ni yeye mwenyewe.

Nyumbani Kyebando hakucheka. Kila jioni mamake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Onen, alipakua sahani tatu: yake, ya Aloyo, na ya Onen, kitindamimba aliyetekwa na waasi bwenini kwao kule Gulu, hata ndevu hajaota. Sahani ya Onen ilifunikwa, ikalala. Asubuhi Aloyo aliipasha moto akaila. Miaka yote hiyo alikuwa akifungua kinywa kwa chakula cha mtu asiyerudi. Matanga hayakuwekwa. Anayepakuliwa hajafa, mamake alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Maonyesho yalipokaribia kufunguliwa, familia moja ilikuja kuchukua picha ya binti yao. Hawakutaka tena atazamwe na watu. Safu ya pili ukutani ikabaki na pengo kama kinywa cha kibogoyo.

"Madam, hili jino lazima lirudi," alisema Travis, meneja, Mkenya aliyetaka hata huzuni ipigwe rula. "Wafadhili wakiona shimo watasema hatujamaliza kazi."

"Wafu hawauzwi sokoni Kalerwe, Travis."

"Kwani wewe huna mtu wako?"

Alikuwa naye. Mkobani alitembea na picha ya Onen katika sare ya shule, masikio yamesimama kama ya sungura. Akaikuza, akaitia fremu nyeusi kama zile nyingine. Chini ya kila picha palikuwa na miaka miwili na kistari katikati. Kistari cha Onen kikawa kinaning'inia hewani, nalo jicho la kazi likamwasha Aloyo. Akakipa mwaka ambao Onen alitekwa. Ukuta ukapendeza. Mamake hakuambiwa, na nani angemwambia, mtu ambaye safari yake ndefu ilikuwa kwenda sokoni kuuza simsim?

Siku ya ufunguzi Mama Onen akaja. Jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba bintiye atashukuriwa mbele za watu, basi akavaa gomesi ya kanisani, akapanda bodaboda. Kiingereza cha ukutani hakukijua, lakini tarakimu alizijua. Akasimama mbele ya mwanawe. Akasoma mwaka wa kwanza. Akasoma wa pili. Akavua kitambaa cha kichwani, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akatoa yowe la msiba.

Wageni wakapiga makofi.

"Haikuwa kwenye programu," Travis alinong'ona, "lakini iache."

Aloyo alipiga magoti. "Mama, inuka. Palikuwa na pengo tu."

"Umejua tangu lini?"

"Sijui chochote, mama."

"Huo mwaka kauandika nani?"

"Mimi."

"Basi unajua. Mtu haandiki mwaka wa kufa ndugu yake ili ajaze ukuta."

 Ndivyo hasa Aloyo alivyokuwa amefanya.

Picha aliitoa kabla sambusa hazijaisha. Travis akagundua kwamba wageni walisimama mbele ya pengo muda mrefu kuliko popote pengine. Akaagiza lisizibwe tena, akaliwekea taa yake.

Jioni mama alipika mboga ya malakwang, akaiunga kwa karanga kama kawaida. Akapakua sahani mbili. Kilichobaki chunguni akawakwangulia kuku wa jirani, akaosha chungu, akakifudikiza.

Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Onen achukuliwe, Aloyo alikwenda kazini na njaa.