Pakiti Iliyong'atwa Kona

Baba yangu alipokuwa akirudi kazini ulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na mluzi wake mmoja, hakujua mwingine, na aliupiga kuanzia kwenye bomba la maji la mtaa mpaka mlangoni kwetu. Binti yangu akiusikia aliacha chochote alichoshika, hata mkate, akatambaa kwenda kizingitini. Tulimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Baba alisema Mungu aliiweka pale ili maziwa yajue pa kuingilia.

Kazi ya baba ilikuwa kwenye kinu cha mawe. Kinu kile kilisaga mawe meupe yakawa unga laini kuliko wa ngano, unga wa kutengenezea vigae na rangi. Yeye alishika mdomo wa gunia chini ya bomba, unga ukashuka, akalitikisa gunia lishibe, akalishona, akalisukuma pembeni, akashika jingine. Jioni alirudi mweupe: kope nyeupe, vinyweleo vya masikio vyeupe, nyayo nyeupe zimefuatana toka mlangoni mpaka kwenye ndoo ya kuogea. Watoto wa mtaa wakambandika jina la Mzee Unga, naye aliitika bila kinyongo.

"Unga umepanda bei," aliwaambia. "Nisalimieni kwa adabu."

Barakoa zilikuwepo kinuni, ila zilikaa kabatini kwa nyapara. Siku wageni walipokuja kutembelea zilitoka, wageni walipoondoka zikakusanywa. Wafanyakazi walichopewa ni maziwa, kila mtu pakiti ndogo moja jioni, pale getini. Maziwa yanaosha kifua, alisema nyapara, na waliomtangulia walisema hivyo hivyo. Sikuwahi kumsikia mtu akibisha. Mimi mwenyewe nilijua hivyo, kama unavyojua kwamba mvua inalowesha.

Kidoti alipoanza kutambaa maziwa yangu yalikatika. Mume wangu anasukuma mkokoteni sokoni. Siku nyingine anapata mizigo, siku nyingine anarudi na mkokoteni na jasho. Tuliishi vyumba viwili pamoja na baba tangu mama alipofariki, pazia katikati, kila mtu anasikia kikohozi cha mwenzake. Baba alimwona mtoto anavuta titi, anaachia, analia. Kesho yake akaingia na pakiti kwapani.

Nyapara alitaka kila mtu anywe mbele yake, alijua yapo yanayokwenda majumbani. Basi baba aling'ata kona ya pakiti, akaiweka mdomoni, akachezesha koromeo juu na chini kama mtu anayemeza. Akishapita geti aliikunja ile kona, akaibana kwa kibanio changu cha nguo, akaitia ndani ya shati. Yalifika yakiwa vuguvugu. Niliifuta pakiti vumbi, na kila siku ilikuwa na alama za meno yake mawili ya mbele.

"Ng'ombe wa maskini akizaa huzaa dume," alisema huku akivua viatu. "Lakini huyu wangu ana kona nne, na moja nimeshaila."

"Baba, na kifua chako je?"

"Kifua changu ni cha zamani, mwanangu. Kilichongwa kwa mbao ngumu. Mpe mtoto."

Nikampa. Siku hiyo, na siku zilizofuata.

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa mluzi. Haukupotea mara moja. Alianza kuupigia karibu na mlango badala ya bombani, kisha ikawa anachongoa midomo na kinachotoka ni upepo. Akasema meno yamehama. Mimi niliona mengine pia. Pale bombani sasa alikuwa akisimama, ameshika nguzo, anawasalimu wanawake mmoja mmoja na kuwaulizia watoto wao wote, mpaka wakaanza kunitania kwamba baba yangu anatafuta mke. Hakuwa akitafuta mke. Alikuwa akitafuta pumzi ya kumalizia njia.

Zahanati walisema kifua kikuu, wakampa vidonge. Akavimeza vyote bila kuruka, mkojo ukabadilika rangi, kikohozi kikabaki kilekile, kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akakonda. Siku moja akaanguka juu ya gunia alilokuwa akishona, wenzake wakamleta kwa mkokoteni wa mume wangu. Hakurudi tena kinuni. Kulala chali kukamshinda, akawa analala ameketi, mgongo ukutani, mto kifuani kama mtoto.

Wenzake wa kinuni walikuja kumwona. Walikaa kwenye mkeka, wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Si alikuwa hanywi maziwa yake? Tulikuwa tunamwona."

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwepo. Akamtazama Kidoti, ambaye wakati huo alishaanza kukimbia, akamtazama kaka yake. "Kumbe! Huyu mtoto kamnywa babu yake."

Nilimvuta Kidoti miguuni kwangu. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite.

"Ndiyo, kaninywa," akasema. "Na kaninywa vizuri. Tazameni mashavu hayo. Pumzi zangu hazikupotea, ziko mle ndani zinakimbia."

Tangu siku hiyo likawa neno lake. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa habari ya pakiti na kibanio. Akilisimulia, mabega yake yalitulia na rangi ya uso ikarudi kidogo. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo dawa aliyokuwa nayo. Mtu anaweza kuvumilia kukosa hewa kama anajua alikoipeleka.

Zahanati waliposhindwa walituandikia tukapige picha ya kifua hospitali kubwa. Majibu nilikwenda kuyachukua peke yangu, kwa sababu baba asingeweza tena safari ile. Kwenye benchi la kungojea nikasikia mtu anahema kama baba. Nikageuka. Alikuwa Ndama.

Ndama alifanya kazi bomba moja na baba. Jina hilo walimpa kwa sababu hakuacha tone. Alikunywa pakiti yake, na wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo wakampa zao, akazinywa na kuramba kona. Baba alikuwa akimwigiza tunacheka. Sasa alikuwa amekaa kati ya mkewe na ukuta, shingo imebaki mishipa mitupu, na ni mdogo kwa baba.

"Mzee Unga hajambo?" akauliza, neno moja kwa pumzi moja.

"Anakusalimu," nikasema.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliishika picha dirishani. Mapafu ya baba yalikuwa na madoadoa meupe kama mtu kayanyunyizia ule unga. Akanieleza kwamba vumbi la jiwe likishaingia halitoki, nyama inalizungushia kovu, kovu linaongezeka, na hakuna dawa ya kuliondoa. Tunachoweza ni kumpunguzia taabu.

"Angekunywa maziwa yake asingeumwa?" nikauliza.

Aliniangalia kwa huruma, akaonekana ameshaulizwa swali hilo na wengine. "Maziwa yanakwenda tumboni, mdogo wangu. Vumbi linakwenda mapafuni. Hayakutani. Wangemfunika pua na kulowesha mawe kwa maji, hapo sawa."

Njia nzima nilikuwa na furaha na uchungu, sijui kipi kilikuwa juu. Mwanangu hakumnywa mtu. Lakini nikimwambia baba hivyo, namnyang'anya kile alichobaki nacho. Nikaamua kunyamaza, nibaki nalo mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikamkuta nyapara amesimama mlangoni na mume wangu.

"Nafasi ya mzee iko wazi," alikuwa akisema. "Nimeona nianze na familia. Asubuhi uwe getini, wanaoitaka ni wengi."

Mume wangu uso wake uling'aa. Sikumlaumu. Kazi ya kila siku, mbele ya mkokoteni usiojua kesho yake, nani ataikataa? Nyapara alipoondoka nikamvuta uani, nikamwambia yote: picha, makovu, Ndama kwenye benchi.

"Ndama alikuwa anavuta sigara," akasema.

"Baba Kidoti, alivuta lini? Ulimwona wapi?"

"Mke wangu, sikiliza. Mzee ameumwa kwa sababu maziwa yake alimpa mtoto. Yeye mwenyewe kila siku anasema. Mimi yangu nitayanywa, nitayamaliza palepale. Unaogopa nini?"

Aliyemfundisha hayo ni baba, ndani ya nyumba yetu, mbele ya wageni, na mimi nikiwa nimekaa kimya. Nikaingia ndani kupika uji. Nyuma ya pazia palikuwa kimya mno. Hata kikohozi hakikusikika. Dirisha la baba linatazama uani.

Asubuhi mume wangu alivaa shati lake bovu. Alikuwa anafunga kamba za viatu baba alipoita.

"Mkwe. Njoo."

Ni lazima niseme kwamba wawili hao waliheshimiana sana. Mume wangu hakuwahi kuvua shati mbele ya baba, wala kuketi kitandani kwake. Akasimama kando ya pazia, ameinamisha kichwa. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa hapa." Baba akapigapiga godoro. "Karibu zaidi. Weka sikio lako hapa."

"Baba..."

"Weka, mwanangu. Leo si siku ya haya."

Mume wangu akanitazama. Nikageuza uso. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha baba mkwe wake, juu ya mbavu zilizotokeza kama ngazi. Hata mimi niliyesimama mlangoni nilisikia: mkwaruzo, kama mtu anaburuta gunia juu ya kokoto, anapumzika, anaburuta tena.

"Unasikia? Huo ni mzigo wa tajiri. Nilitoka nao getini na hawakunipekua." Alijaribu kucheka ikashindikana. Akangoja pumzi. "Ndama alikunywa yake. Akanywa na za wenzake. Mkeo kamwona. Mimi nilikuwa najua tangu Ndama alipoanza kukohoa, tulikuwa bomba moja. Nikanyamaza."

"Kwa nini ulisema..." mume wangu akaanza.

"Kwa sababu lilikuwa neno tamu." Macho yake yalimtafuta Kidoti, ambaye alikuwa bado amelala. "Maziwa ni maziwa tu, mkwe. Mtoto alikuwa na njaa, akanywa. Basi."

Akaegemea ukuta, akafumba macho, na mabega yale yaliyokuwa yakitulia kila aliposimulia habari ya kibanio hayakutulia tena. Mume wangu akainuka. Kisha akatoka, akaufungua mnyororo wa mkokoteni, akaelekea sokoni. Siku hiyo alirudi na jasho tu.

Baba hakukaa sana baada ya hapo. Wageni walipokuja, hakusimulia tena. Aliniachia mimi niwaambie kuhusu vumbi, naye akatikisa kichwa kukubali. Alifariki akiwa ameketi, asubuhi, Kidoti akiwa anamchezea vidole. Mtoto akaja kuniambia babu hataki kuamka. Tulipomvalisha sanda nilikuta unga bado umejificha ndani ya sikio lake, na tulikuwa tumemwosha mara ngapi.

Nafasi yake kinuni haikukaa wazi hata asubuhi ile mume wangu alipokwenda sokoni. Aliichukua jirani wa chumba cha tatu, kijana tunayemwita Bwana Harusi kwa kuwa ameoa juzijuzi. Jioni namwona akipita, kope nyeupe. Nilimsimamisha nikamweleza habari ya Ndama na ya picha. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama Kidoti, poleni na msiba," akasema. "Lakini mimi usinihofie. Yangu nayamalizia getini, mpaka tone la mwisho."

Jana mkewe alibisha hodi. Tumbo lake limeanza kuonekana, na alikuwa na aibu ya kuomba.

"Dada, naomba uniazime kibanio kimoja cha nguo."

Nilikwenda kwenye kamba nikachagua kilicho imara, nikamwekea mkononi. Nikamwambia asiondoke kwanza, nikamvutia kigoda, nikaanza kumsimulia kuhusu mluzi wa baba.